Mfanyakazi wenu kafiwa na mtu aliyejiua: mwongozo kamili, kuanzia simu ya kwanza mpaka mwaka unapita

Haya ndugu zangu, hii ni kwa wenye maduka, masupavaiza, walimu wakuu, maafisa utumishi, na yeyote hapa Tanga mwenye watu chini yake. Maswali yanayonifikia yanafanana mno. Mfanyakazi kafiwa, marehemu kajitoa uhai, ofisi ikaenda msibani vizuri tu, Coaster ikakodiwa, rambirambi ikakabidhiwa, halafu mtu karudi kazini na baada ya miezi miwili kaacha kazi, au kapewa barua ya utoro, au yupo tu kama hayupo. Na bosi anauliza kwa uchungu kabisa, mbona tulimfanyia kila kitu?

Msiba sisi tunauweza. Kuosha, kuzika, kupika, kulala na wafiwa, hakuna wa kutufundisha. Tunapoharibu ni baadaye, ile Jumatatu mtu anaporudi getini. Kwa hiyo hapa maziko nitayapita haraka na nitakaa sana kwenye kurudi kazini, maana huko ndiko watu wanakotuponyoka.

## Vitu vya kuandaa kabla hujafanya lolote

- Mtu mmoja wa mawasiliano. Mmoja tu. Asiwe bosi mkubwa na asiwe yule mpenda habari. Awe mtu ambaye mfiwa mwenyewe anamwamini, hata akiwa mlinzi au dada wa usafi. Kuanzia leo kila kitu kinapita kwake, maana bila hivyo mfiwa atapigiwa simu na ofisi nzima na kila mmoja anataka aambiwe imekuwaje.
- Karatasi ya namba. Kliniki ya afya ya akili pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Zahanati au daktari aliye karibu na kazini. 112 ya dharura. Walio upande wa Korogwe wanayo hospitali ya afya ya akili ya Lutindi. Kama kuna watoto wameguswa, 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto.
- Sheikh na mchungaji mliokwishaongea nao. Mtaona sababu kwenye hatua ya 3.
- Sehemu yenye mlango. Hata stoo ya karatasi inatosha ikifagiliwa, ikawekwa kiti, maji ya kunywa na tishu.
- Hela ndogo ambayo haihesabiwi kuwa rambirambi, ya vocha, bajaji na nauli za kwenda polisi na hospitali.
- Kalenda ya ukutani au ya simu, ya kuandika tarehe ambazo wengine wote watazisahau.

## Hatua ya 1: Pata maneno kutoka kwa familia

Habari ikifika, kwanza thibitisha kwa mtu wa familia, si kwa grupu la mtaa. Halafu mtu wenu wa mawasiliano apige simu moja fupi. Aseme hivi: "Dada, pole sana, tuko pamoja. Sitakuuliza imekuwaje. Nina swali moja tu, ungependa wenzetu kazini waambiwe nini?"

Halafu anyamaze. Akilia amsubiri. Akisema "sijui", amwambie basi kwa leo tutasema umefiwa, mengine utatuambia ukiwa tayari.

Familia nyingine zitasema wazi kwamba kajiua. Nyingine hazitaki litajwe kabisa, na hiyo ni haki yao. Ila tahadhari moja kubwa, msitunge ugonjwa. Msiseme presha wala malaria. Tanga ni mji mdogo jamani, habari ya Makorora inafika Chumbageni kabla chai haijapoa, na siku uongo ukijulikana anayeumbuka ni mfiwa, tena atakuwa ameshajichosha kuigiza kila siku mbele ya wenzake. Semeni "amefariki ghafla, familia inaomba tusiulize zaidi." Huo ni ukweli na haumfungi mtu.

Mmefanikiwa hatua hii kama mna sentensi moja au mbili ambazo familia imezikubali na zimeandikwa.

## Hatua ya 2: Waambie wenzake uso kwa uso

Kabla ya yote admini abadilishe grupu la WhatsApp la kazini, wanaoandika wawe maadmini tu kwa siku kadhaa. Pale ndipo picha zinapovuja, na sauti za "mimi nimesikia eti".

Kusanya watu kwa vikundi vidogo, kitengo kwa kitengo. Wale wa shifti ya usiku waambiwe usiku huohuo, wasije kuikuta kwa muuza kahawa asubuhi. Kama familia imeruhusu lisemwe, maneno yawe mafupi:

"Mwenzetu amefiwa na mdogo wake. Mdogo wake amejitoa uhai. Hatujui sababu na hatutaitafuta. Akirudi tutampa pole na hatutamuuliza maswali. Kama habari hii imekugusa kwa namna yako, ongea na fulani, mlango uko wazi."

Msitaje njia aliyotumia, wala mahali, wala kama aliacha ujumbe. Hii siyo adabu tu. Shirika la Afya Duniani linawasihi hata waandishi wa habari waepuke undani huo, kwa sababu unaweza kumsukuma mtu ambaye tayari yuko ukingoni, na wewe hujui ni nani kati ya hao ishirini waliosimama mbele yako yuko ukingoni. Pia msitoe sababu moja, eti madeni, eti mapenzi. Mtu hafiki pale kwa jambo moja, na ukishasema "madeni" kuna mtu hapo ana madeni makubwa kuliko ya marehemu na anakusikiliza.

Ile sentensi ya mwisho ya mlango uko wazi msiiache. Duniani zaidi ya watu 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka kwa hesabu za shirika hilohilo, kwa hiyo kwenye kundi lolote la watu wazima huenda kuna aliyewahi kuguswa akanyamaza.

## Hatua ya 3: Msibani

Nendeni kama mnavyokwenda misiba yote. Hilo lenyewe ni ujumbe. Familia ya aliyejiua inahesabu nani kaja na nani hakuja, na bosi akifika akaketi kwenye mkeka hata nusu saa inakumbukwa miaka.

Mambo mawili tu ya kuangalia. La kwanza ni rambirambi. Mpeni mfiwa wenu mkononi mwake, au mtu atakayemtaja yeye. Kwenye vifo hivi familia mara nyingi inagawanyika, watu wanatafutana wa kumtupia lawama, na mjane hasa anaweza kutazamwa vibaya ukweni kama yeye ndiye chanzo. Hela ikipita mikono mingine anaweza asiione.

La pili ni maneno ya dini. Mkifanya dua au ibada kazini, ongea na sheikh au mchungaji siku moja kabla, umwambie mbele yake atakuwepo mama wa marehemu au mdogo wa marehemu, tunaomba faraja na dua tu. Wengi wataelewa na watashukuru kuambiwa. Waadhi wa moto wa Jahannam mbele ya mfiwa unaweza kumtoa mtu kazini moja kwa moja, na hukumu ya marehemu ni ya Mungu, haimo kwenye ratiba ya ofisi.

## Hatua ya 4: Siku za ruhusa na mshahara

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo tusome taratibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo akifiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Wengi wanaishia hapo. Lakini siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo, ambao kwa ruhusa ya aina hii ni miezi 36, haijalishi kafiwa mara ngapi. Yani kama alizitumia mwaka jana kwenye maziko ya bibi yake, kisheria sa hivi hana kitu. Za ziada ukimruhusu zinahesabiwa bila malipo, labda wewe mwenyewe uamue kumlipa. Na mjomba, shangazi, binamu, mchumba, rafiki hawamo kabisa, wakati sote tunajua familia zetu, kuna mtu kalelewa na mjomba toka anyonyeshwe.

Sasa tazama msiba wenyewe ulivyo. Kifo cha aina hii lazima polisi waingie. Maiti inaweza kukaa hospitali ikisubiri kuchunguzwa, wafiwa wanaitwa kuandika maelezo, halafu safari ya kuzika Lushoto au Handeni. Siku 4 zinakwisha kabla mtu hajapata hata usiku mmoja wa kulala. Ukimwambia siku ya tano aripoti unapokea mwili tu.

Unga hivi:

1. Anza na zile 4 kama bado anazo.
2. Ongeza sehemu ya likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 28, akikubali mwenyewe. Usimkate bila kumuuliza.
3. Asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayetetemeka, huyo ni mgonjwa. Aende kwa daktari. Akiandikiwa mapumziko anaingia kwenye likizo ya ugonjwa, ambayo kisheria inafika siku 126 kwenye mzunguko, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu.
4. Kama marehemu ni mjomba aliyemlea, tumia busara, mpe siku zilezile ungempa kwa baba.

Mjane Mwislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10. Usimwamulie. Wapo wanaotoka kwa ajili ya riziki kwa maelekezo ya sheikh wao, wapo wanaokaa ndani kabisa. Muulize anataka nini, muone kama kuna kazi ya kufanyia nyumbani, hesabu, simu, chochote.

Mkishapatana andika kwenye karatasi, siku ngapi, zipi zenye malipo, zipi hazina, na nakala iende kwa anayeandaa mishahara. Supavaiza anasahau. Mwisho wa mwezi mshahara unakatwa, mtu anaona ofisi imemlaghai kwenye wiki mbaya kuliko zote za maisha yake, na hapo hata ungempikia pilau kila siku hakuamini tena.

## Hatua ya 5: Simu ya kabla ya kurudi

Siku mbili tatu kabla hajarudi mtu wa mawasiliano ampigie, au aende kwake kama ni karibu. Kuna vitu vinne vya kuuliza na vyote ni vya kawaida kabisa: utakuja saa ngapi, ungependa kupokelewa getini au uingie kimya kimya, kuna kazi au mtu unayeona utamshindwa kwa sa hivi, na watu wamwambie nini mteja akimuulizia.

Watu wanadharau simu hii, wanaona ni mambo ya kizungu. Lakini asiyeulizwa anakaa usiku kucha anawaza atapita mlango gani asikutane na nani. Nawaombeni sana msiiruke.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza kazini

Mwaka 2016 watafiti wa University College London wakiongozwa na Alexandra Pitman walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,400 wa Uingereza wenye miaka 18 mpaka 40 ambao wote walifiwa ghafla. Waliofiwa na aliyejiua, uwezekano wao wa kuacha kazi au masomo ulikuwa juu kwa asilimia 80 kuliko waliofiwa kwa vifo vya ghafla vya maradhi, na uwezekano wa wao wenyewe kujaribu kujiua ulikuwa juu kwa asilimia 65. Walipoingiza kwenye hesabu ile hali ya mtu kujiona ananyooshewa kidole, tofauti hiyo ikashuka sana. Kwa hiyo huzuni peke yake siyo inayomtoa mtu kazini. Macho ya wenzake yanachangia sana, na macho ya wenzake wewe kama kiongozi unaweza kuyafanyia kitu.

Fundi mmoja aliniambia kilichomuumiza kuliko vyote ni meza ya chai. Saa nne aliingia bandani watu wanapiga soga kama kawaida, alipoingia wakanyamaza wote, mmoja akaanza kukoroga kikombe ambacho sukari ilishayeyuka zamani, mwingine akasogea kumpisha nafasi kubwa kupita kiasi. Hakuna aliyesema neno baya. Akachukua chapati yake akaenda kuila nje karibu na baiskeli, na toka siku hiyo akawa anakula huko kila siku mpaka alipoacha kazi.

Kwa hiyo siku moja kabla kaa na wenzake dakika kumi, waambie hivi:

Akifika, mmoja mmoja ampe pole ya kawaida, ile ile mnayompa mfiwa yeyote. "Pole kaka, tumefurahi kukuona." Inatosha. Kama unamfahamu marehemu mtaje kwa jina lake, "nilikuwa napenda alivyokuwa akicheka", maana wengi wanaogopa kulitaja jina na mfiwa anaona kama mtu wake amefutwa.

Soga ziendelee. Akiingia msikate mazungumzo ghafla, mkaribisheni kwenye hayohayo ya mpira au ya bei ya samaki pale Deep Sea.

Maneno ya kuacha kabisa: "Kwani hamkuona dalili?" Hili ni kisu, yeye mwenyewe anajiuliza hilo usiku kucha. "Alikuwa mbinafsi." "Hakuwa na imani." "Shukuru una watoto wengine." "Jikaze, wewe ni mwanaume." Na lile la "ni mapenzi ya Mungu" liacheni mpaka aliseme mwenyewe, kuna mfiwa linamfariji na kuna mfiwa linamchoma.

Akianza kulia akiwa kazini msimzunguke. Mtu wake mmoja ampeleke kile chumba chenye mlango, amwachie maji, akae naye au amwache peke yake kadiri atakavyotaka. Akitaka kurudi kazini baada ya nusu saa arudi, hakuna haja ya kumrudisha nyumbani kwa nguvu. Kwa wengine nyumbani ndiko kulikotokea tukio, na ofisini ndipo mahali pekee wanapopumua.

Siku ya kwanza iwe nusu siku kama inawezekana. Imefanikiwa kama mtu amekula pamoja na wenzake na kesho yake amekuja tena. Usitafute tabasamu.

## Hatua ya 7: Kazi yenyewe wiki za mwanzo

Asiyelala anakosea. Kwa kazi za ofisini atasahau kiambatanisho, si neno. Lakini kama anaendesha foklifti, anapanda juu kwenye kontena, anahudumia korona (mashine ya kuchakata mkonge) au anashika umeme, mbadilishie kwa muda, na mwambie wazi sababu ni usalama wake na wa wenzake, na tarehe ya kurudi kwenye kazi yake ni fulani. Ukimhamisha kimya kimya atadhani ameshushwa, au mnamwona naye ana kichaa.

Muuza dawa dukani, anayeshika sumu za mashambani, mlinzi mwenye silaha, hawa ni lazima wabadilishiwe. Mpe kazi nyingine mpaka moyo wake utulie, na hapa usione haya kusema.

Upande wa pili usimnyang'anye kazi zote. Mtu aliyeachwa bila cha kufanya anakaa na mawazo yake kwa saa nane nzima. Mpe kazi zenye mwisho, za kumaliza siku hiyohiyo, na umpunguzie zile za kuamua mambo makubwa.

Anayekaa na wateja apewe sentensi ya kujikinga. Mteja wa Ngamiani akija na "nasikia kwenu kuna jambo", ajibu "asante kwa kutufikiria, nikusaidie nini leo?" na mwenzake wa jirani ajue kuingilia.

## Hatua ya 8: Andika tarehe

Baada ya arobaini watu wanaona imekwisha. Kwa msiba wa kujiua mara nyingi ndiyo kwanza ganzi inatoka na maumivu yanaingia. Ndio maana nilisema kalenda.

Andika arobaini, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, mwaka. Muulize mfiwa siku ya kuzaliwa ya marehemu. Ongeza Idd au Krismasi ya kwanza. Wiki ya tarehe hiyo mtu wa mawasiliano anatuma meseji fupi, "najua wiki hii ni nzito, uko kwenye mawazo yangu, ukitaka siku moja niambie", na supavaiza asimpangie zamu ngumu.

Kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo wakae dakika kumi na tano. Swali liwe dogo. Ukimuuliza "unaendeleaje" atakujibu "namshukuru Mungu" na mazungumzo yamekwisha, ndivyo tulivyolelewa. Muulize "juzi umelala saa ngapi?" au "asubuhi au jioni, wapi panakuwa pagumu zaidi?" Utaona anafunguka.

## Hatua ya 9: Ukiona hatari, uliza

Dalili za kushtuka: anasema yeye ni mzigo, anasema "natamani nimfuate", anagawa vitu vyake, analipa madeni na kuaga watu bila sababu, pombe imezidi, au alikuwa mnyonge wiki nyingi halafu ghafla katulia kabisa.

Mchukue pembeni umuulize kwa maneno yenyewe: "Kwa hali uliyonayo, umewaza kujitoa uhai?" Watu wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Kama halikuwepo atakwambia hapana na ataona unamjali, na kama lilikuwepo utakuwa wa kwanza kulipunguza uzito.

Akisema ndiyo, usishtuke mbele yake na usimhubirie. Usimwache peke yake hata kwenda chooni bila mtu mlangoni. Muulize kama ana kitu alichokipanga kukitumia na kiko wapi, kiondolewe. Muulize nani nyumbani anamwamini, mpigie mkiwa pamoja, na siku hiyohiyo mpelekeni Bombo au hospitali iliyo karibu. Asikuombe umtunzie siri ukakubali. Mwambie "sitalisambaza, lakini sitalibeba peke yangu." Kama ameshajidhuru, hospitali kwanza, mengine yote baadaye. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ndio maana watu wanaficha mpaka wanachelewa, kwa hiyo asisikie kwako neno polisi wakati anahitaji daktari.

Baada ya hapo kesho yake mtafute. Wengi wanampeleka mtu hospitali halafu wanaona haya kumpigia simu.

## Kama aliyefariki ni mfanyakazi mwenyewe

Hapa wafiwa ni ofisi nzima, na hatua zote za juu zinabaki, ila kuna mambo ya ziada.

Kiti chake na kabati lake visiguswe mpaka familia ije au ikubali, na msikiache wazi mwaka mzima pia. Waulizeni waliokaa karibu naye. Mkikubaliana, vitu vyake vikusanywe na watu wawili, viandikwe, viwekwe kwenye boksi safi, vipelekwe na mtu mzima kwa heshima. Jina lake litolewe kwenye ratiba ya zamu kabla ya watu kuiona imebandikwa. Namba yake kwenye grupu isiondolewe siku ya maziko.

Wapo watakaobeba hatia kimya kimya: aliyegombana naye juzi, supavaiza aliyemwandikia barua ya onyo, aliyemkuta, aliyekataa kumkopesha. Hao watafuteni mmoja mmoja bila kusubiri waje. Aliyemkuta apewe mapumziko na apelekwe kwa mtaalamu hata akisema yuko sawa. Na kiongozi aliyeandika ile barua naye ni mfiwa, asigeuzwe mtuhumiwa wa kantini.

Familia yake isaidiwe karatasi. Wengi hawajui pa kuanzia: cheti cha kifo RITA (wakala wa usajili), mafao ya warithi kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, mshahara wa mwisho na likizo ambayo hakuchukua. Teueni mtu mmoja wa ofisi awasindikize madirishani, maana mjane akizungushwa wiki tatu na kila dirisha linamuuliza sababu ya kifo ni msiba mwingine.

Kazi zake msizigawe siku ya pili kana kwamba kahama mkoa. Lakini msimpe mtu mmoja zote pia, atakayezipokea anakaa na mwandiko wa marehemu mezani kwake kila siku.

## Mtu wa mawasiliano naye aangaliwe

Huyu anasikia mengi na anajifanya mgumu. Baada ya mwezi muulizeni kama anataka mwingine ampokee jukumu hili. Mpeni siku ya kupumzika isiyokatwa popote, na awe na mtu wake wa kuongea naye, nje ya ofisi ikiwezekana. Asipewe na msiba mwingine juu ya huu.

Mkibadilishana, mfiwa aambiwe mapema na mtu huyohuyo aliyemzoea, amtambulishe mgeni kwa jina, wakae wote watatu angalau mara moja, na namba ya simu apewe siku hiyo, asije akapiga usiku kumtafuta aliyemzoea akakuta kashahamishiwa kituo kingine.